Sakafu ya Mwisho ya Mzee Zege

Mtaa mzima ulimwita Mzee Zege, na yeye hakuwahi kulikataa jina hilo. Alikuwa fundi mwashi kwa miaka arobaini, na kama kuna kitu duniani cha kuaminika kuliko saruji, yeye alikuwa bado hajaonyeshwa. Ukimwambia paa lako linavuja, atakwambia ungemwaga zege. Ukimwambia umegombana na mkeo, atakutazama kimya, na utajua kabisa kwamba kichwani anahesabu mifuko.

Sasa, mtu huyu siku alipohamia nyumba yake, miaka thelathini na moja iliyopita, alimwahidi mkewe kwamba ua wa nyuma utakuwa wa nyasi. Alimwahidi kwa mdomo wake mwenyewe, amesimama mlango wa jikoni. Wiki ya pili zege likabaki kazini, jingi tu, na Mzee Zege hakujaliwa moyo wa kutupa zege. Mkewe aliporudi sokoni alikuta ua umeshakuwa sakafu, kuanzia jikoni hadi ukutani, laini kama meza. Hakugomba. Aliweka kikapu chini, akasema, "Pamekuwa pazuri pa kukaangia mayai."

Kabla halijakauka, binti yao, aliyekuwa na miaka miwili, alitoka jikoni akakanyaga. Mzee Zege alipiga ukelele, "Usikanyage! Bichi!" lakini mguu ulishaingia. Alikimbilia mwiko wake aufute ule unyayo, na hapo mkewe akamshika mkono.

"Ukiuziba huo unyayo," alisema, "utapika mwenyewe mpaka ufe."

Mzee Zege alipenda kula. Unyayo ukabaki.

Miaka ikaenda. Binti akakua, akaolewa, na mwaka huu akajifungua mtoto wa kike. Mama mtu akafunga mizigo kwenda kumwuguza uzazi kwa wiki sita. Siku ya kuondoka alisimama mlango wa jikoni, akautazama ua unavyometameta juani, akacheka. "Baba watoto, hata makaburini kuna nyasi. Basi mimi nitazikuta huko huko." Akabeba mkoba wake, akaenda zake.

Ulikuwa utani, na mkewe ni mtu wa utani. Lakini Mzee Zege hakucheka. Jua la saa nane alitoka pekupeku akasimama katikati ya ua, na hakumaliza hata kuhesabu kumi. Alirudi jikoni anarukaruka, nyayo zinawaka, akakumbuka beseni la maji ambamo mkewe alitumbukiza miguu kila alasiri akipepeta mchele. Siku zote alidhani ni mapenzi tu ya beseni. Aliona haya, haya ya kweli, mpaka akakaa chini.

Kesho yake akaanza kuvunja.

Mafundi wote wanajua kwamba hakuna adui kama kazi yako mwenyewe uliyoifanya vizuri. Lile zege lilimtoa jasho wiki tatu. Sululu iliruka, mpini wa nyundo ukapasuka, toroli likabeba kifusi mpaka gurudumu likalalamika. Sehemu moja tu hakuigonga kwa nyundo: aliuzunguka ule unyayo kwa tindo, taratibu, siku mbili nzima, akautoa na kipande chake cha ukubwa wa sinia. Akakiingiza chini ya kitanda. Kisha akamwaga udongo mweusi na samadi, akaanza kuutengeneza, na hapo ndipo mazoea yalipomponza.

Siku ya siku ilikuwa Jumamosi. Mkewe alikuwa anarudi saa kumi alasiri, pamoja na binti na mjukuu, na hakuwa ameambiwa neno. Saa tatu asubuhi dereva wa pikapu alifika na shehena ya ukoka, vipande vilivyokatwa pamoja na udongo wake na kukunjwa kama mikeka. Nyuma yake aliingia shemeji, mdogo wa kike wa mkewe, ambaye kazi yake ni kuuza miche na starehe yake ni kumtania Mzee Zege.

Shemeji alisimama ukingoni mwa ua. Udongo ulikuwa umenyooka, umekaza, hauna hata ufa.

"Umeusawazisha na nini?" aliuliza.

"Pima maji," alijibu Mzee Zege kwa fahari. "Halafu nimeushindilia kwa gogo. Siku nne. Hapa hata lori likipita halitaacha alama."

Shemeji alichukua ndoo ya maji, akaimwaga katikati ya ua. Maji yalikaa pale pale, yametulia, yanaonyesha mawingu.

"Umeona?" Mzee Zege alisema. "Hayaendi popote."

"Shemeji," alisema yule mwanamke, na sauti ilikuwa inamtetemeka kwa kicheko, "dada yangu aliolewa na mtu au na mfuko wa saruji? Hii ni sakafu! Umevunja sakafu ya zege ukamjengea sakafu ya udongo! Mizizi itapita wapi, itabisha hodi?"

Dereva alijifanya anakohoa. Mzee Zege aliyatazama yale maji. Alitaka kubisha, lakini aliyajua maji tangu ujana wake, na maji hayasemi uongo.

"Basi tupande wiki ijayo," alisema polepole.

"Weka mkono wako hapa." Shemeji aliuchukua mkono wake akauingiza katikati ya mkunjo mmoja wa ukoka. Ndani mlikuwa na joto, kama shavu la mgonjwa wa homa. "Zimekatwa alfajiri. Zikilala zimekunjwa hivi mpaka kesho, dada ataamkia majani makavu."

Mzee Zege alimwona mkewe kichwani mwake, amesimama mlangoni akitazama rundo la nyasi za njano, akitafuta utani wa kusema ili yeye asijisikie vibaya. Huo utani ndio aliouogopa.

"Nipe jembe," alisema.

Waliihamishia mikunjo ile kivulini, wakainyunyizia maji, wakarudi kwenye ua. Mzee Zege alilima kama anayefukuzwa. Udongo ulitoka vibonge vibonge, na kila kibonge alikijua, maana alikikaza mwenyewe. Shemeji alifuata kwa reki akivunjavunja. Dereva alisimama kidogo akiegemea gari lake, akaona aibu, akavua shati akashika sululu.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," shemeji aliimba.

"Vuta reki, wewe."

Saa sita ua wote ulikuwa laini, unazama mguu hadi kifundo. Mzee Zege alitaka kuchukua ubao wake wa kusawazishia, akasita, akamtazama shemeji kwa macho ya kuomba ruhusa.

"Kidogo tu," alisema shemeji. "Kwa mkono mwepesi. Na usinyooshe sana. Maji yapate pa kukimbilia."

"Kama bafu!" Mzee Zege alipata uhai. "Mteremko mdogo kwenda ukutani. Si ungesema mapema ni bafu? Bafu nimejenga mia tatu!" Na kweli, aliushusha ule mteremko kwa jicho tu, na ndoo ya pili ilipomwagwa maji yalinywewa, na yaliyobaki yakajiendea ukutani bila kuulizwa.

Wakaanza kutandika. Safu ya kwanza aliifuatisha uzi, ikanyooka. Shemeji akaleta safu ya pili, akaanza kuweka ili maungio yakutane na ya safu ya kwanza.

"We! We! Unataka kuua mtu?" Mzee Zege alimpokonya kipande. "Ungio juu ya ungio? Ukuta wa hivyo hupasuka kabla ya kupakwa rangi!" Akakata kipande nusu kwa ncha ya mwiko, akaanzia na hiyo nusu, na maungio yakapishana kama matofali.

Shemeji alitazama, akashika kiuno. "Haya. Nakubali. Hata nyasi ndivyo zinavyotakiwa, zisikaukie kwenye maungio. Mimi nilikuwa na haraka tu."

"Sema tena."

"Sisemi tena."

Mzee Zege aliangua kicheko, cha tumboni. Tangu hapo kazi ikawa ngoma. Dereva anabeba, shemeji anakunjua, yeye anasogeza na kubana, anakata pembe kwa mwiko ule ule wa miaka arobaini, anapigapiga kwa kiganja. Udongo ulimwingia kwenye kucha na harufu yake ikampendeza. Alikuwa na miaka sitini na minane na alikuwa na furaha isiyo na adabu.

Walipofika hatua moja kutoka mlango wa jikoni, aliwaambia wasubiri. Aliingia chumbani, akatoka amekumbatia kipande cha zege. Akakilaza pale pale kilipokuwa siku zote, akakizungushia nyasi mpaka zikalingana nacho. Shemeji aliuona ule unyayo mdogo akapiga magoti, akaupangusa udongo kwa kidole.

Saa kumi kasoro robo walimwagilia. Saa kumi na dakika tano gari lilipiga honi mbele ya nyumba.

Alikuwa ametunga maneno. Kwa wiki tatu alikuwa anayarudia mbele ya kioo cha bafuni, kuhusu ahadi na kuchelewa na msamaha. Mkewe alipita sebuleni akiita, akapita jikoni, akafungua mlango wa nyuma, mjukuu mikononi na binti nyuma yake. Alisimama. Akaona kijani, kuanzia miguuni pake hadi ukutani. Kinywa kikafunguka, na mguu wake mmoja ukanyanyuka.

"Usikanyage!" Mzee Zege alipiga ukelele. "Bichi!"

Hakujua yametoka wapi. Maneno yote mazuri yalitoroka, yakabaki hayo. Mkewe alisimama na mguu hewani.

"Ni kweli, dada," alisema shemeji, "wiki mbili hazikanyagwi."

Mkewe alishusha mguu kizingitini. Alimtazama mumewe, udongo hadi kwenye nyusi, mwiko mkononi. Machozi yalimjaa. Kisha akampa binti mtoto, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili.

"Baba watoto," alisema, "nimengoja miaka thelathini na moja."

Mzee Zege alishusha mwiko. "Kanyaga," alisema.

Alikanyaga. Mguu ulizama katika nyasi zenye maji, ukazama zaidi, na yeye akafumba macho akabaki hapo, anachezesha vidole. Alipousogeza ukabaki unyayo mzima, mkubwa, umejaa maji, ubavuni mwa ule mdogo wa zege.

"Ona sasa mmeharibu," shemeji alinung'unika, akachukua ubao aje kusawazisha.

Mzee Zege akamshika mkono.

"Ukiuziba huo unyayo," alisema, "utamwagilia mwenyewe mpaka ufe."

Mkewe ndiye aliyeanza kucheka.