Meza Iliyokatwa Miguu

Mume wangu ni seremala, na mtaani wanamwita Rula, kwa sababu hawezi kuona kitu bila kukipima. Akialikwa mahali, hupima mlango kwa macho kabla hajapiga hodi. Mabenchi yote ya kanisani kwetu aliyatengeneza yeye, kwa kujitolea, na hakuna hata moja linaloyumba. Mimi ni fundi cherehani. Yeye anapima mbao, mimi napima watu, na kwa miaka kumi na moja tumeishi vizuri.

Nyumba yetu ina sheria moja tuliyojiwekea wiki tuliyofunga ndoa: hakuna chai ya asubuhi kabla ya kusali pamoja. Leo anaomba yeye, kesho naomba mimi. Hata tukinuniana, sheria ni sheria. Hapo ndipo tulipojikwaa.

Jumatatu ile nilirudi kutoka kununua vitambaa, nikamkuta Rula kwenye chumba changu cha kushonea, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, anatabasamu peke yake. Meza yangu ya kukatia nguo, aliyonitengenezea tulipooana, alikuwa ameikata miguu. Yote minne, kila mmoja inchi nne.

"Nimekuona unashika kiuno kila jioni," akasema. "Nikajua tu, meza hii ndefu mno, inamtesa mama watoto. Basi leo nimeacha kazi za watu nikushughulikie wewe."

Jamani! Kiuno changu kilikuwa kinauma kwa sababu ya kigoda cha cherehani. Meza ile ndefu ndiyo ilikuwa pumziko langu, maana nilikata nguo nikiwa nimesimama wima. Sasa ilinifika mapajani.

"Hukuweza kuuliza?"

"Nilitaka nikushtue."

"Umenishtua kweli. Kama ndivyo unavyofanya kazi, nawahurumia wanaokalia mabenchi yako kanisani."

Nililiona neno lile likimwingia. Tabasamu likamtoka, akachukua msumeno wake, akaondoka. Sikumfuata. Hasira zangu ni moto wa pumba: miali huioni, lakini siku ya tatu bado unafuka.

Na Jumamosi ya wiki hiyohiyo walikuwa wanakuja wachumba wawili. Mchungaji alituomba tuwe wasimamizi wa ndoa yao na tuwafundishe maisha ya nyumbani, "maana kwenu kuna amani." Nilipoyakumbuka maneno hayo niliona aibu. Nikajiambia, tusipopatana kabla ya Jumamosi, nitakwenda kwa mchungaji nimwambie atafute watu wengine. Siwezi kuwafundisha watoto wa watu kitu nisichokuwa nacho. Na nilikuwa nakitaka kitu hicho, nakitaka sana.

Jumanne ilikuwa zamu yangu. Mama mkwe, anayeishi nasi, alikuwa ameshashika kikombe. Watoto wetu wawili walikuwa wamefumba macho, jicho mojamoja likichungulia sukari. Nikaomba: "Bwana, mfundishe mtumishi wako kuuliza kabla ya kushika msumeno."

"Amina," akasema mama mkwe, peke yake.

Jumatano akaomba yeye: "Bwana, wakumbushe watu wa nyumba hii kushukuru, hata kwa kidogo." Alhamisi nikaomba juu ya wajuaji. Mchana kutwa tulisemezana mambo ya lazima tu, chumvi na funguo. Mengine yote tulimpa Mungu atupelekee, tukamgeuza tarishi. Chai kila siku ilipoa.

Ijumaa Rula akaomba juu ya ulimi, akaomba kwa kirefu. Alipoutaja ulimi mara ya saba, mama mkwe akainuka na kikombe chake.

"Mimi nakwenda kukaa uani," akasema. "Mkimaliza kusemana kwa Mungu, mniite niseme Amina."

Watoto wakacheka. Tukawakemea, lakini kukemea kwenyewe hakukuwa na nguvu.

Siku hiyo nilijaribu kukata gauni la harusi la yule binti mchumba juu ya meza ile fupi. Mgongo ukanishinda, nikakaa sakafuni. Ndipo nilipoviona chini ya dirisha vile vipande vinne vya miguu. Alikuwa amevipanga vizuri, kila kimoja amekiandika kwa penseli kimetoka mguu upi. Nikavitazama kwa muda mrefu. Mtu huyu aliacha kazi za watu kwa ajili ya kiuno changu, nami nikamtukania kazi anayomfanyia Mungu bure. Hasira ikanitoka, ikabaki aibu, na aibu ni ngumu kuitamka. Jioni nilitaka kusema, nikaishia kumwuliza kama maji ya kuoga yanatosha.

Jumamosi, wachumba tuliwaambia waje saa nne. Wakafika saa moja asubuhi, maana binti alikuwa na wasiwasi wa gauni lake. Tukawakaribisha mezani. Zamu ilikuwa yangu. Mama mkwe alinitazama, mkono kwenye kikombe, tayari kwa safari ya uani.

Nikafumba macho. "Bwana..." Nikakwama. Kumwambia Mungu ilikuwa rahisi, alikuwa anajua tangu Jumatatu. Asiyejua alikuwa ameketi kuliani kwangu.

"Bwana," nikasema, "naomba utusubiri kidogo."

Nikafumbua macho. Rula alikuwa ameshafumbua yake, ananitazama.

"Baba watoto, nilikukosea. Maneno yale ya mabenchi hayakuwa kweli. Nilitaka yakuume. Nisamehe."

Kijana mchumba hakujua kama afumbe macho au afumbue, akafumba moja.

"Yaliniuma," akasema Rula. "Jumatano nilipita kanisani, nikayatikisa yote, moja baada ya jingine."

"Yakoje?" akauliza mama mkwe.

"Yako imara." Kisha akanigeukia. "Nimekusamehe, mama watoto. Na mimi nisamehe. Wiki nzima nakuombea, kukuuliza sijakuuliza. Kwani panauma wapi?"

Swali lilikuwa dogo, lakini machozi yalinitoka. Nikamwonyesha mahali, nikamweleza habari ya kigoda.

"Kumbe kigoda!" Akajipiga paji la uso. "Hebu simama."

Nikasimama. Akatoa futi mfukoni na penseli sikioni, akanipima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, mbele ya wageni. Miaka kumi na moja nimempima yeye mashati, na yeye hajawahi kunipima hata siku moja.

"Inchi zangu nne unazirudisha," nikamwambia.

Akaitazama futi mara ya pili. "Tano," akasema polepole. "Ile meza ilikuwa fupi tangu mwanzo."

Tukacheka hadi watoto wakadhani sala imekwisha, wakanyoosha mikono kwenye sukari. Binti mchumba akauliza kwa sauti ndogo kama somo limeshaanza.

"Limekwisha," akasema mama mkwe. "Haya, mwanangu, mrudie Mungu. Amesubiri vya kutosha."

Nikafumba macho. "Bwana, tumerudi. Asante. Amina."

Amina ya watu saba ilisikika hadi barabarani. Mama mkwe akamimina, na kwa mara ya kwanza wiki ile, tulilazimika kuipuliza chai kabla ya kuinywa.