Nyumba ya Kuchora

Mwalimu Aurelia Kapinga alikuwa akisahihisha kazi za sanaa za darasa la tatu, pale shuleni kwake Lituhi, alipojikuta anacheka peke yake. Aliwaambia watoto wachore nyumba zao. Darasa zima lilikuwa limechora nyumba ileile: paa la pembetatu, madirisha mawili kama macho, njia iliyojipindapinda hadi mlangoni, jua limejibanza pembeni, na juu ya paa bomba la moshi likifuka. Na Lituhi yote, mahali pa joto kando ya ziwa ambapo watu hupikia nje au kwenye vibanda, hapakuwa na paa hata moja lenye bomba la moshi.

Ilitokea kwamba alikuwa anatafuta swali. Alikuwa akisomea stashahada wakati wa likizo, na alitakiwa kufanya utafiti mdogo kisha auwasilishe mbele ya walimu wa sanaa kule Mbinga, milimani. Akampigia simu mkufunzi wake, Blasius Ndunguru.

"Mwalimu, kwa nini watoto wa ziwani wanachora nyumba ambayo hawajawahi kuiona?"

"Swali zuri. Ila usianze na jibu, Aurelia," alisema Blasius. " Wewe una ugonjwa huo."

Kweli alikuwa nao. Jibu lilikuwa tayari mdomoni: vitabu. Akapekua vitabu vya shule ukurasa kwa ukurasa. Nyumba zilikuwa chungu nzima, lakini hiyo hakuiona. Basi ni walimu. Akamfuata Mwalimu Meshack wa darasa la pili, naye akaapa kuwa hajawahi kuchora kitu ubaoni ila ramani ya Tanzania, "na hata hiyo watoto waliniuliza ni kiazi cha aina gani."

Ndipo akafanya lile alilopaswa kulifanya tangu mwanzo. Akamwita Winnie, mtoto asiyekosa neno.

"Winnie, hii ndiyo nyumba yenu?"

"Hapana, mwalimu."

"Sasa mbona umeichora?"

Winnie alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Mwalimu, ya kwetu ni nyumba ya kukaa. Hii ni nyumba ya kuchora."

Aurelia akauliza, "Nani alikufundisha?"

"Dada Eliza."

Eliza, wa darasa la sita, alifundishwa na binamu yake wa kijiji cha Mbaha. Jumamosi Aurelia akapanda bodaboda hadi Mbaha. Binamu akasema alifundishwa na mama yake, Hildegardi, ambaye wakati huo alikuwa anageuza usipa, dagaa wa ziwani, kwenye chanja la kuanikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Mtoto wangu kafanya nini?"

Aurelia alipoeleza, Hildegardi alicheka hadi akakaa chini. "Yaani umetoka Lituhi kufuata kibanda cha kwenye karatasi?" Lakini alijifuta mikono, akainama, akaichora nyumba mchangani kwa kidole kimoja bila kukinyanyua. "Wengi huanza na paa, wanaharibu. Anza na mlango. Sisi tulifundishana hivyo tukiwa wadogo, uwanjani. Nani alianza? Mimi niliwakuta wenzangu wanachora."

Aurelia alirudi Lituhi amekumbatia begi lake, upepo wa ziwa ukimpiga usoni, na furaha imemjaa. Alikuwa amekwisha kuandika utangulizi unaolalamika kuwa watoto wa siku hizi hawana ubunifu. Aliufuta wote. Watoto walikuwa na shule yao ya kuchora, yenye walimu na masharti yake, wakirithishana nyumba kama wanavyorithishana mchezo wa rede na nyimbo za kuruka kamba. Shule ya serikali ilikuwa haina habari.

Siku ya kuwasilisha, Mbinga ilikuwa na baridi ya kuuma masikio. Aurelia, mtu wa ziwani, alisimama mbele ya ukumbi amevaa sweta mbili. Alifungua mdomo tu, umeme ukakatika. Picha zote alizozipanga zikazama kwenye projekta.

Akageuka kumtazama Blasius. Blasius akatazama dari.

"Basi," Aurelia akasema, "walimu wangu, naomba kila mmoja achukue karatasi achore nyumba. Haraka, bila kufikiri."

Kalamu zikakwaruza. Kisha akawaomba wainue karatasi juu. Mtu wa nyuma akaangua kicheko, na wote wakafuata. Paa la pembetatu, madirisha mawili, njia ya kujipinda, moshi. Hata Blasius alikuwa ameichora, na jua pembeni.

Kuanzia hapo Aurelia hakuhitaji umeme. Alisimulia habari za Winnie na Hildegardi, akaeleza kuwa mwalimu wa sanaa asiifute nyumba ya kuchora, ila awatoe watoto nje pia wakaitazame ile ya kukaa. Akamalizia kwa kusema kuwa nyumba yenyewe haipo popote.

"Ipo," alisema mwanamke mzee wa mstari wa mbele. Alikuwa Mama Violet Hyera, mwalimu mkuu mstaafu. "Ukimaliza, twende nikuonyeshe."

Walitembea, wao wawili na Blasius, wakapita mashamba ya kahawa iliyoiva, hadi kwenye nyumba kuukuu iliyojengwa na wamisionari zamani. Paa la mwinuko. Madirisha mawili. Njia ikipanda kwa kujipinda. Na bomba la moshi la matofali, maana Mbinga watu huota moto.

Aurelia alipiga kelele kama mtoto. "Nimeipata!"

"Hujaipata," alisema Blasius, ingawa alikuwa anatabasamu. "Umeona inayofanana. Nani kaishusha hadi ziwani? Hilo ni swali jingine."

"Basi nitalifuata."

"Kwanza ichore," alisema Mama Violet.

Aurelia akaketi kwenye majani, akaanza na mlango. Alipoinua macho aliona ya ajabu: dirisha moja lilikuwa limezibwa kwa tofali, paa lilikuwa limebonyea upande, na mti wa mparachichi ulikuwa umeegemea ukuta kama mtu aliyechoka. Alifuta, akaichora tena kama ilivyokuwa mbele yake, taratibu, akitoa ulimi nje pasipo kujijua. Mama Violet akamvulia mtandio wake, akamfunika nao mabegani.