Nani Alibuni Mlango Wazi

Mume wangu hawezi kukaa na mgeni bila kumpa mtihani. Na mtihani wake ni ule ule, miaka nenda miaka rudi: kocha gani ni bora kuliko wote, na nani alikuwa wa kwanza kushambulia kwa mtindo gani. Ukikosea jibu, utakunywa chai yako ukihubiriwa mpaka ipoe. Mimi nimeshamzoea. Lakini Jumapili ile nilimwomba kama mtoto, nikamwambia baba watoto, leo mpira uache nje, leo ni wakwe. Akacheka, akasema wakwe nao wana miguu.

Wakwe wenyewe walikuwa wawili tu. Kijana, fundi umeme, anayetaka kumwoa binti yetu muuguzi, na baba yake, maana mama alishafariki. Kijana tulimjua, mwaka mzima anaingia na kutoka, hata waya wa cherehani yangu alinitengenezea. Baba yake hatukuwahi kumwona. Anakaa upande wa pili wa mji, na kwa maneno ya kijana mwenyewe, mzee si mtu wa watu. Basi nikaisukuma cherehani ukutani, sare za wanafunzi nilizokuwa sijazipiga pasi nikazitupa chumbani, nikajiona nimemaliza kazi.

Walipobisha hodi nikafungua, na huyo mzee nikamtambua kabla hajavua kofia. Nahodha. Kichwa kimejaa mvi, goti la kushoto halikunji vizuri, lakini ni yeye. Nikasema karibuni, karibuni sana, sauti ikanitoka nyembamba mpaka binti yangu akageuka kuniangalia.

Ngoja niseme kwa nini. Baba yangu mzazi alikuwa kocha wa timu ya karakana ya reli; watu walimwita Mwalimu. Mgeni huyu ndiye aliyekuwa nahodha wake. Mume wangu yeye alichezea kiwanda cha nguo, mahasimu wao. Siku zile namba tisa alisimama mbele ya goli kama mlingoti, akingoja mpira umfuate. Baba akawaza kinyume: namba tisa arudi nyuma, ajifanye amechoka, beki wa kati atamfuata, na pale alipotoka beki ndipo watakapopita mawinga. Akauita Mlango Wazi. Aliuchora kwenye daftari langu la hesabu kwa kalamu mbili, nyekundu na ya bluu, akaufundisha kwa siri miezi mitatu, akiutunza kwa ajili ya fainali.

Fainali ikafika, na waliocheza Mlango Wazi wakawa watu wa kiwandani, wao ndio walioanza. Karakana wakafungwa manne bila. Baba akalia kwamba ameibiwa. Watu wakamcheka, eti siku hizi na akili inaibiwa. Wiki haikuisha wakamwondoa. Habari ikaenea kwamba nahodha ndiye aliyemuuza. Baba hakumpa mkono tena mpaka anaingia kaburini, miaka tisa baadaye.

Aliyetoa daftari ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na huyu mume wangu, wakati huo mchezaji wa kiwandani, alikuwa ananifuatafuata huku akijisifu kwamba kocha wao ndiye kocha, wengine wote ni wapiga filimbi. Ubishi ukanipanda kichwani. Nikamwambia ngoja, nitakuonyesha kama baba yangu ana mwenzake. Nikampa daftari Jumatatu, akanirudishia Jumanne. Sikuuza kitu, jamani. Nilitaka kushinda ubishi tu, na nikashinda. Mwaka uliofuata baba mwenyewe akanioza kwake, akisema kijana hana kosa, alicheza alichofundishwa. Na mimi na mume wangu jambo hilo hatujawahi kulitamka hata tukiwa wawili, miaka thelathini na mitatu.

Sasa mzee yule amekaa kwenye kiti changu, nami namimina chai. Swali lilikuwa moja tu kichwani: anajua? Kama anajua, amekuja kumposea mwanawe au amekuja kulipiza kisasi?

Mume wangu alipomtambua alifurahi kama aliyeokota pesa. Akamkumbatia, akamwambia kumbe ni wewe, goti lako hilo si ndilo nililolizunguka mara tatu? Nikaingilia kati, nikauliza habari za safari. Nikauliza tarehe wanayoifikiria. Nikauliza kama chai imekolea. Wapi. Tayari wale wawili na kijana walikuwa kwa makocha wa ng'ambo, nani amebeba makombe mangapi, nani alipewa timu nzuri akajifanya ameitengeneza yeye. Mgeni alijibu kwa maneno machache, kwa adabu. Nikaanza kupumua.

Kisha kijana, kwa nia njema kabisa, akasema mtindo anaoupenda ni huu wa mshambuliaji kurudi nyuma, na kwamba umebuniwa ng'ambo juzi juzi. Nilitamani kumziba mdomo na kitumbua, ila sikuwa na kitumbua. Mume wangu akajipiga kofi pajani. Akamwambia mwanangu, hilo sisi tulilicheza kabla hujazaliwa, na aliyelibuni ni kocha wetu wa kiwandani. Kwa hiyo ukitaka kocha bora kuliko wote, usiende mbali.

Nahodha akaweka kikombe chini. "Hapana," akasema. "Lile lilikuwa la Mwalimu."

Mume wangu alijua kuliko yeyote kwamba lilikuwa la Mwalimu. Lakini mtu akiurudia uongo miaka yote hiyo, unaota mizizi. Akasema kila aliyeshindwa husema ameibiwa. Akasema ushahidi uko wapi. Nilimkanyaga mguu chini ya meza, akausogeza akaendelea. Na akafika pale nilipokuwa nikiomba asifike.

"Haya, tuseme lilikuwa la Mwalimu," akasema. "Sisi tulilipataje? Lilitembea lenyewe?"

Binti yangu alikuwa anamtazama mgeni. Kijana alikuwa anamtazama mgeni. Mimi nilitazama meza, nikingoja jina langu.

"Mimi ndiye niliyelitoa," Nahodha akasema. "Mwalimu alikuwa kocha bora kuliko wote, nami nikamwangusha. Usimwibie mara ya pili."

Kijana aligeuka rangi. Akamwambia baba yake, taratibu sana, kwamba shuleni walimwita mtoto wa msaliti miaka saba. Kwamba alipigana, akatolewa jino, kwa sababu aliamini ni uzushi. Baba yake akainamisha kichwa, akasema pole mwanangu. Basi.

Nilimtazama mume wangu. Mtu anayebishana na redio, leo anachungulia kikombe kana kwamba kuna kitu kimezama ndani. Hapo nikaelewa kwamba atanyamaza. Nami nikaelewa, na aibu hii nitakufa nayo, kwamba hata mimi ningeweza kunyamaza. Mzee amejibebesha lawama mwenyewe. Ningeongeza chai, maongezi yangerudi kwenye tarehe, mambo yangekwisha. Ulimi ulikuwa tayari umeanza kutafuta habari nyingine ya kusema.

Lakini kijana alikuwa amesimama anatafuta kofia yake, hamtazami baba yake, na binti yangu amemshika mkono wa shati.

"Anasema uongo," nikasema. "Ni mimi. Nilimpa huyu daftari lenye mchoro wa baba." Nikamwonyesha mume wangu kwa kidole, utovu wa adabu ambao sijawahi kuufanya mbele ya wageni.

Nilidhani Nahodha atashangaa. Hakushangaa hata kidogo. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ilinichoma kuliko tusi.

"Kaa chini, binti Mwalimu," akasema. "Nilijua tangu Jumanne ile. Nilikuwa naleta mipira kwenu, nikamwona huyu bwana anakurudishia daftari nyuma ya stoo. Sikulitilia maanani mpaka siku ya fainali."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema Mwalimu alimwita baada ya mechi, akamuuliza nani. Mara moja tu. Naye akajitaja mwenyewe. "Mimi angenifukuza kwenye timu," akasema. "Wewe angekufukuza nyumbani. Mimi nilikuwa na pa kwenda."

Kumbe baba hakumdhania tu. Aliambiwa, na mtu huyo huyo. Na mimi barabarani nilikuwa nikikutana na Nahodha nageuza uso, kwa sababu baba alisema asisalimiwe, nami mtoto mwema nilitii. Machozi yakanishuka mbele ya wakwe bila hata kuyafuta. Mume wangu akafungua mdomo, nikamwambia nyamaza, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu akanyamaza.

Kijana akatoka nje bila kuaga. Binti yangu akamfuata. Tukabaki watu wazima watatu na chai iliyopoa. Dirishani niliwaona wamesimama kando ya ukuta, kijana anaongea kwa mikono, binti yangu anasikiliza. Nilijaribu kusoma midomo yao. Nilijiambia, mjinga wewe, kwanza ulimponza baba yako kwa mdomo, sasa umemponza mwanao kwa kuufunga. Nahodha alikuwa anasugua goti lake, wala hakunisaidia kwa neno lolote, na alikuwa na haki.

Binti yangu alirudi peke yake. Hakukaa. Akachukua mkoba wake msumarini.

Nikamuuliza ndoa ipo au haipo. Akasema hilo bado, kwanza kuna jingine. "Anataka kwenda kaburini kwa babu. Anasema kuna mtu amelala pale anaamini uongo juu ya baba yake."

Nikasema vizuri, mwambie tutapanga siku, twende wote.

"Leo, mama," akasema. "Na hatasema yeye. Utasema wewe, kwa sauti, nasi tunakusikia."

Nikaenda kuvaa viatu.