Kimya cha Papa Léopold

Papa Léopold wa mtaa wa Kadutu, mtu ambaye akitumwa kiberiti hurudi jioni kwa sababu ya maneno, alikuwa amemeza ulimi. Miezi sasa. Akifika mbele ya meza ya vitenge ya Maman Eulalie, anainua kofia na kuteremka zake, bila hata kusema jambo.

Eulalie alijua sababu, na ilimchoma. Alimkopesha vitenge sita vya arusi ya bintiye Fabiola, kwa mdomo tu, maana walikuwa majirani wa kupiga soga kila asubuhi. Sasa mtaji umekauka, meza iko nusu tupu, na yule bwana amenong'onezwa na mjuaji fulani kwamba deni nalo huzeeka likafa, mradi mdaiwa asilitaje.

Avoka Camille, wakili aliyemwendea, hakumficha. "Maman, muda ya kumushitaki imepita. Tribinali itamuhesabia kama alilipa. Labda yeye mwenyewe aseme mbele ya batu kama hajalipa."

"Atasema namna gani? Amekuwa bubu!"

"Mimi najua sheria, maman. Lakini Papa Léopold, yeye ni wewe unamujua."

Kweli, alimjua nje ndani. Eulalie akapanda mlima wa Kadutu akicheka peke yake, watu wakimshangaa.

Jumapili, misa ilipotoka na uwanja wa kanisa ukajaa, alisema kwa sauti kubwa ya huruma: "Arusi ya Fabiola ilikuwa muzuri sana. Lakini maskini babake! Bitenge yote ilikuwa ya kuazima."

Léopold, aliyekuwa akipita na kofia yake, akasimama. Shingo ikamvimba. Alijaribu kujizuia, masikini, alijaribu kweli. Hata ukingo wa kofia aliuuma.

"Ya kuazima?" akalipuka. "Mimi? Nilikamata bitenge sita kwako, maman, wax ya bei! Na sijalipa ata moja!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Camille, aliyekuwa karibu na mlango, akauliza kwa adabu kama papa anaweza kurudia. Papa akarudia, na bei akaitaja. Ndipo akajishika mdomo.

"Maman, umenimaliza."

"Lete kidogo kidogo, papa."

Jumatatu alileta nusu, akakalia kiti cha wateja, na maneno ya miezi yote yakamtoka. Wateja wawili walichoka kungoja wakaenda kwa jirani. Eulalie aliwaona wakienda, akamwambia Léopold aendelee. Fedha aliihitaji, tena sana. Lakini soga ya huyu mtu ndiyo aliyoitamani kuliko fedha.