Uzi wa Kijani Mguuni mwa Bi Harusi

Maneno yalianzia bombani. Ilisemwa kwamba kuna mtoto wa Kerege aliyezoea kucheza na bata mwenye kiguru, mguu wake naye ukalegea, na sasa hata chooni anabebwa mgongoni. Aliyeyasema hakumjua huyo mtoto. Aliambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa. Lakini Mwaija aliondoka pale na ndoo kichwani na maneno yale kifuani, na alipofika nyumbani Kaole alichoweza kutua ni ndoo peke yake.

Maana nyumbani kwake alikuwepo bata anayechechemea, na alikuwepo mtoto asiyebanduka kwa bata huyo.

Mtoto ni Maulida, binti yake wa pekee, aliyempata wakati watu walishaacha kumuuliza atazaa lini. Bata ni Bi Harusi. Pazi, mume wa Mwaija, alimnunua Lugoba angali kinda, akakua mweupe pe, na mwendo wake ulikuwa wa madaha, kiuno huku kiuno kule, kama biharusi anayetolewa nje watu wamwone. Ndipo Maulida akampa jina. Sasa madaha yale yaliingia dosari. Bi Harusi akikanyaga mguu wa kushoto aliuinua upesi kama aliyekanyaga kaa la moto, kisha akakaa chini na kutazama wenzake wakienda.

Tangu siku ile ya bombani Mwaija hakuwa na raha. Maulida akitoka kwenda shule, mama yake alisimama mlangoni kumhesabia hatua kwa macho. Maulida akisema ameumia kidogo gotini kwa kuruka kamba, mama moyo paa.

Pazi yeye hakuhangaika na uvumi. Alihangaika na nyama.

"Jumapili dada anakuja na wanawe," alisema wakiwa kwenye sinia. "Nitamchinja huyo bata. Tukingoja afe mwenyewe ni kibudu, hafai kwa lolote."

"Hafi, Baba," Maulida alisema. "Anaumwa mguu tu. Mzee Abdulrazak wa nyumba ya pili naye anaumwa mguu, mbona yeye hachinjwi?"

Pazi alijitia kukohoa. "Huyo hataiva. Kula."

Maulida hakula. Alimtazama mama yake, akitaka neno la upande wake. Mwaija akainamia wali, kwa sababu moyoni alikuwa upande wa kisu. Alitaka bata yule atoke pale uani. Alichoogopa ni kwamba Jumapili ni mbali, na pengine mguu wa mwanawe ulishaanza.

Ndiyo sababu kesho yake alipanda mjini Bagamoyo kwa Bi Ezmina. Bi Ezmina anauza vitenge, na nyuma ya duka lake anafuga bata tangu watu wamjue.

"Shikamoo, Bi Ezmina."

"Marahaba, Mwaija. Hujambo? Pazi hajambo? Mtoto?"

"Hawajambo. Na mtoto ndiye aliyenileta." Akamweleza yote, la bombani na la uani.

Bi Ezmina aliendelea kukunja kitenge mpaka akakimaliza. "Mtoto wa nani huyo aliyepooza?"

"Wa Kerege."

"Kerege nzima ndiyo iliyomzaa?"

Mwaija akageukia vitenge kama anayechagua.

"Mimi nafuga bata tangu sijaolewa. Wamechechemea, wamevimba nyayo, mmoja alikanyagwa na pikipiki. Hebu tazama." Akainua pindo la gauni, akatembea nyuma ya meza ya duka, akaenda na kurudi, kiuno huku kiuno kule. "Mwendo wao nimeuchukua. Ugonjwa sijauchukua."

Mwaija alicheka bila kupenda.

"Mguu wa bata unaumia kwa mambo yake mwenyewe. Kakanyaga kitu, karuka vibaya, kakosa chakula cha maana, kafungwa. Haumrukii mtu. Uchafu wake ndio wa kuogopa, na dawa ya huo ni sabuni. Na mtoto akichechemea unampeleka hospitali, humuulizi bata. Sasa niambie, umemgeuza ukamtazama?"

"Nani?"

"Bata."

Mwaija hakuwa amemgeuza. Pazi naye hakuwa amemgeuza. Mguu ule ulikuwa umezungumzwa bombani, barazani na kwenye sinia ya wali, wala hakuna aliyeuinua kuutazama.

Alirudi kwa haraka. Akamkuta Maulida amekaa chini ya banda la jiko, Bi Harusi mapajani, beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi ubavuni. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameushika ule mguu na kuuloweka, taratibu, huku akimsemesha bata kama mtu anayembembeleza mgonjwa anywe uji.

"Mama, njoo uone. Hapa kwenye kifundo kuna kitu cha kijani."

Mwaija alichutama. Kifundo kilikuwa kimevimba na kufanya gaga, ukoko mgumu wa kidonda, na katikati ya gaga ilichungulia ncha ya uzi. Akaujua palepale. Ni uzi wa nyavu.

Kwao kila nyumba hutia alama bata na kuku wake, wasije wakachanganyika na wa jirani. Wengine hufunga kitambaa. Pazi, mtu wa nyavu, alifunga uzi wa nyavu, kwa sababu ndio uliokuwa mkononi na kwa sababu hauozi. Aliufunga Bi Harusi akiwa mdogo. Bi Harusi akakua, uzi haukukua. Ukazama ndani ya ngozi, na nyama ikaufunika.

"Nishikie, Mama," Maulida alisema.

Mikono ya Mwaija ilisita. Hata baada ya Bi Ezmina, mtoto wa Kerege alikuwa bado amekaa kifuani pake. Lakini mwanawe alikuwa anamwangalia, hana wasiwasi, anangoja. Mwaija akamfunika bata kwa kanga, akambana mabawa kwa upole, na Bi Harusi akatia mdomo wake kwapani mwa Mwaija akatulia.

Maulida alichemsha mkasi mdogo wa kucha, akanawa mikono kwa sabuni, akaanza. Hakubandua gaga kwa nguvu. Aliloweka, akangoja, akapangusa, akaloweka tena. Mwaija, ambaye akimtoa mwiba mtu hufumba macho, aliviangalia vile vidole vidogo na kujiuliza utulivu ule umetoka ukoo gani. Kwake haukutoka. Mtoto akaingiza ncha ya mkasi chini ya uzi, akakata, akavuta polepole. Damu ikatoka. Akakandamiza kwa kitambaa safi mpaka ikakoma.

Bwana mifugo, aliyeitwa na Mwaija, alipokuja alipaka dawa, akafunga bandeji, akasema damu ilikuwa haifiki vizuri kwenye vidole na mguu ungekufa. Akamsifu Maulida, kisha akamwambia, "Siku nyingine uzi ukizama hivi, niite kwanza, binti. Hapo pana mshipa."

Pazi aliporudi aliukuta ule uzi juu ya kifuniko cha sufuria. Akauchukua, akakutanisha ncha zilizokatwa, akajaribu kuuvisha kidole chake cha mwisho. Haukupita ukucha.

"Huu niliufunga mimi," alisema.

Akatoka uani kumkamata kila bata na kila kuku, akikata nyuzi, na Maulida akimfuata nyuma akikagua nyayo kama bibi afya.

Jumapili dada yake alikuja, akaandaliwa samaki, vibua vya kupaka nazi. Akauliza, "Na yule bata niliyeahidiwa?"

"Ana bandeji," Pazi alisema. "Hatuli majeruhi."

Kidole kimoja cha Bi Harusi kilikauka, na mwendo wake una kibonde upande mmoja. Lakini anatembea, na mbele yake anatembea Maulida, na Mwaija akiwatazama hajui amsifu yupi kwanza.

Mwenye watoto na bata, ajiepushe na haya:

Usifunge mguu wa bata uzi wa nyavu wala nailoni, hata kwa alama.

Usiache alama ya kinda bila kuilegeza anapokua.

Usimlaze bata kwenye sakafu ngumu, kokoto au matope. Mtandikie pumba za mpunga, kavu.

Usimbebe wala kumvuta kwa miguu.

Usilishe vifaranga vya bata pumba za mahindi tupu, miguu inapinda, changanya dagaa.

Usibandue gaga kwa nguvu, wala usikate uzi uliozama kama bwana mifugo anapatikana.

Usimwache mtoto ashike bata bila kunawa kwa sabuni.

Usingoje mtoto anayechechemea apone mwenyewe.

Usibebe neno la bombani mpaka nyumbani kabla hujauliza ni mtoto wa nani.