Uje Umefunga

Mimi ni fundi makochi, mtaani wananiita Springi. Siku hiyo nilifunga karakana asubuhi, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu tulipomzika mama watoto.

Yeye aliondoka na sukari. Kila akienda zahanati anaambiwa vipimo vimekwisha, rudi wiki ijayo, huku wakubwa wanabadilisha mapazia ya ofisini. Vitambaa navijua, na kile hakikuwa cha bei ndogo. Walipokuja kumpima alikuwa hajiwezi.

Sasa binti yangu kanishika shati. "Baba, kapime. Ukikutwa na sukari, karakana basi, unahamia kwangu."

Akisema basi, ni basi. Ulimi ni wa mama yake ule. Kwake pazuri, sikatai, lakini nitakaa kwenye kochi nililolitengeneza mwenyewe nitazame ukuta? Bila nyundo mkononi mimi ni mzigo tu.

Jana yake nilipita zahanati kuuliza, muuguzi akaniambia, "Kesho uje umefunga." Na mlangoni kwao pana tangazo: WANAOPIMA SUKARI WAJE WAMEFUNGA. Nikasema hao ndio wakubwa, kwa tone la damu wanataka riziki ya mtu isimame! Lakini nikafunga, kufuli juu, kufuli chini. Nikanywa chai yangu tamu na mkate, tukaenda na binti yangu.

Sindano haikunitisha, mimi za makochi zinanichoma kila siku. Kimashine kikawaza kidogo, kikatoa namba.

"Saba nukta sita," muuguzi akasema, uso umemshuka. "Na umefunga, baba?"

"Nimefunga."

"Kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Basi pole, baba. Kwa mtu aliyefunga, hii ni sukari."

Binti yangu akageukia ukutani. Mimi nikaiona karakana yangu inaondoka: mkasi wangu, kochi la mteja lililolala miguu juu. Hasira zikanipanda.

"Nimefunga kama mlivyotaka! Mteja kaja kakuta kufuli, na bado mnanipa ugonjwa!" Nikabwaga funguo mezani.

Muuguzi akazitazama funguo. Akanitazama mimi.

"Baba, umefunga nini?"

"Karakana. Kwani mlitaka nifunge nini?"

"Na asubuhi umekula?"

"Nisile nina ugomvi na nani? Chai na mkate."

"Kula, baba! Kufunga kula! Namba hii si kitu kwa mtu aliyetoka kunywa chai!"

Binti yangu alicheka hadi akakaa chini sakafuni. Muuguzi akafungua mlango, akawauliza waliokuwa kwenye benchi, "Jamani, nani mwingine kafunga?"

Kinyozi, jirani yangu, akainua ufunguo juu. "Mimi, tangu jana jioni. Wateja wananitukana huko."

"Umekula?"

"Mayai tu. Kwani yamekatazwa?"

Benchi zima likaangua kicheko. Mama mmoja akafuta mdomo harakaharaka kwa kanga.

Kesho yake nikafunga mdomo, karakana nikaiacha wazi, binti yangu akiilinda. Nilikwenda tumbo linanguruma kama cherehani mbovu. Kimashine kikasema sita nukta mbili.

"Sukari haijaingia ndani, baba," muuguzi akaniambia, "ila inapitapita nje ya mlango. Punguza utamu kwenye chai, tembea, uwe unakuja kupima. Itachoka kusubiri."

"Kumbe mnaweza kuiona ikiwa bado nje?"

"Ndiyo kazi ya kipimo."

Mama watoto naye ilimpitia nje ya mlango, ila hapakuwa na wa kuchungulia. Wakubwa sijawasamehe, na mapazia yao wafe nayo. Lakini miguu yangu, sijui nisemeje, ilitaka kucheza.

Wakati wa kutoka nikachomoa penseli yangu ya kazi sikioni. Chini ya tangazo lao nikaandika: KUFUNGA KULA, SIO MADUKA. Muuguzi aliniona. Akaushika mlango usicheze, mwandiko usipinde.

Nilipokata kona binti yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, kufuli mkononi, macho yamemtoka kwa hofu.

"Baba, nifunge?"

"Funga mdomo wako, mwanangu!" nikampigia kelele mtaa mzima ukasikia. "Karakana iko wazi!"