Mpaka Niseme Mimi

Kamba ilikataa kufunguka, ikabidi ikatwe kwa kisu cha kukatia majani ya ng'ombe. Tumainieli alikuwa amechuchumaa mkekani, katika sebule ya marehemu baba yao kule Vuje mlimani, miwani imemshukia puani, akihangaika na fundo lililoyafunga pamoja magitaa matatu na ngoma moja ndogo tangu msiba wa Mzee Eliezeri. Mdogo wao wa mwisho, Fanueli, aliyashikilia magitaa yasianguke. Kamba ilipoachia, vumbi lilitimka na wote wawili wakapiga chafya. Tumainieli akaviokota vipande vya katani, akavitazama, akacheka.

"Hivi ni nani aliyekaza fundo namna hii? Alikuwa anafunga fahali?"

Priska alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alidhani kaka yake anatania, akangoja amalizie utani wake. Hakumalizia.

"Ni wewe, kaka," alisema.

"Mimi? Lini?"

"Siku tuliyoondoa matanga. Ulisema hapa hapigi mtu wala haimbi mtu, mpaka useme wewe."

Tumainieli akakuna kidevu kama mtu anayetafuta jina la jirani wa zamani. "Inawezekana," akasema. "Maneno ya msibani hayo, mdogo wangu. Mtu husema mengi." Kisha akapuliza vumbi lililoganda kwenye gitaa la baba yao, na kuomba chai yake isitiwe sukari nyingi.

Sinia halikumponyoka Priska, ingawa wapo wasimuliaji ambao wangependa liponyoke. Alimimina chai, akatia sukari kidogo kama alivyoombwa, akarudi jikoni na kukaa kwenye kigoda. Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ngeni kwake kiasi kwamba alidhani kwanza ni kiungulia.

Zamani, bendi iliyoitwa Eliezeri na Wanawe haikuhitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote kuanzia Maore hadi Kihurio na Bendera. Harusi isiyo na bendi hiyo ilisengenywa mwezi mzima. Kanda zao ziliuzwa stendi ya Same, na madereva wa mabasi walizipiga mpaka utepe ukalia kwa uchovu. Mzee alipiga gitaa la solo, Tumainieli besi, Fanueli alipiga ridhimu angali na suruali fupi, na Priska ndiye aliyekuwa sauti. Wimbo wao mkubwa uliitwa "Maji Yanashuka". Mzee aliutunga kutokana na kazi ya ndiva, yale mabwawa ya milimani ambayo maji yake hufunguliwa alfajiri, na anayefungua huita kwa nguvu kutoka juu ili wa mashamba ya chini wajue zamu yao imefika. Mwishoni mwa wimbo vyombo vyote vilinyamaza, na Priska akaita. Mwito mmoja tu, mrefu, unaopanda ghafla kisha unashuka taratibu kama maji yenyewe. Watu wazima walitoa leso.

Mzee alipofariki, neno lilibaki kwa mzaliwa wa kwanza. Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile, na katika nyumba nyingi za mlima ule. Alichokifunga yeye hakifunguliwi na mdogo. Zaidi ya hapo, mdogo hamwendei kumuuliza atafungua lini, maana kumuuliza ni kumwambia kwamba amechelewa. Tumainieli alifunga, akarudi kazini kwake Mbeya, nao wakangoja.

Walingoja vizuri, kwa adabu zote. Priska alikuwa na miaka thelathini na tatu walipoanza kungoja. Alikuja mwalimu wa kwaya kutoka Moshi, akaambiwa Priska anamngoja kaka yake. Alikuja bwana mmoja wa Arusha aliyekuwa akirekodi waimbaji, akakaa pale sebuleni mchana kutwa, akala makande, akasifu makande, akaondoka na hilo hilo jibu. Kanisani, Priska alihamia benchi la nyuma na kuimba kwa chini chini, asije mtu akapeleka habari Mbeya kwamba amevunja neno. Mumewe, Loth, alimshauri mara moja tu apige simu aulize. Priska alimjibu kwamba jambo la namna hiyo haliulizwi kwa simu. Loth, ambaye hakuwa mtu wa kubishana, aliendelea kumenya muhindi wake.

Kwenye mazishi ya mama yao Tumainieli alikuja, akavikuta vyombo vimefungwa vile vile pembeni ya kabati. Alisimama mbele ya vyombo hivyo kitambo kirefu. Ndugu zake wakashusha pumzi, wakijua sasa atasema. Hakusema kitu, akatoka nje kuwapokea wageni. Kwa hiyo wakaelewa kwamba bado, nao wakangoja tena.

Alipostaafu na kurudi nyumbani, ndipo alipoikata ile kamba na kutangaza, kwa furaha ya mtu aliyepata wazo jipya, kwamba Eliezeri na Wanawe watatoa albamu. Mwezi mzima Priska alikunywa maji ya moto yenye tangawizi ya shambani kwake. Aliingia katikati ya migomba mahali ambapo hakuna aliyemsikia, akafungua kinywa kwa woga wa mwizi. Beti ziliitika. Mwito hakuthubutu kuugusa. Alijiambia kwamba anautunza.

Studio ilikuwa Same mjini, nyuma ya duka la vitenge la Bi Zaituni. Mwanawe Abdulmalik alikuwa amezitandika kuta za chumba magodoro mpaka darini, na joto la tambarare lilikaa humo ndani bila pa kutokea. Siku ya kurekodi walishuka mlima wote wanne: Tumainieli, Fanueli, Priska, na Jenifer, binti wa Fanueli, aliyekuja kwa ajili ya viitikio. Priska alivaa gauni lake la Pasaka.

Beti mbili za kwanza Abdulmalik alitikisa kichwa kwa kuridhika nyuma ya kioo. Sauti ya Priska ilikuwa imekuwa nzito, yenye mikwaruzo, lakini ilijua njia. Vyombo vikanyamaza. Priska akavuta pumzi, akaita.

Sauti ilipanda hadi nusu, ikapasuka.

"Si kitu, mama," Abdulmalik alisema kwenye spika. "Tunarudia."

Walirudia. Safari hii haikufika hata pale ilipopasukia mwanzo. Ilitoka hewa tu, na kikohozi nyuma yake. Wakarudia tena, na tena, mpaka Fanueli akainamisha uso kwenye gitaa lake akijifanya anakaza nyuzi.

"Tunaweza kuushusha wimbo kidogo," Abdulmalik alisema kwa upole. "Au hiyo sehemu niivute kwa kompyuta. Hakuna atakayejua."

"Wimbo wa baba haushushwi," Tumainieli alisema. "Wala hatuweki sauti ya mashine humu." Akafikiri kidogo. Alikuwa na desturi ya kufikiri kidogo. "Priska ataimba beti. Mwito ataita Jenifer. Huyu mtoto koo lake ni lile lile la shangazi yake."

Akalisema hilo kama sifa kwa wote wawili.

Priska alivua vifaa vya masikioni, akaviweka mezani bila kelele, akatoka uani. Tumainieli alimfuata na kumkuta amekaa kwenye benchi kando ya pipa la maji.

"Usikasirike. Umri ni umri, hata vidole vyangu vimekuwa vigumu."

"Kaka, naomba nikuulize kitu. Unisamehe kwa kuuliza."

"Uliza."

"Ulipokuja kumzika mama, uliviona vyombo. Mbona hukusema neno?"

Tumainieli akaketi. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alionekana mzee kweli.

"Niliumia," alisema. "Nilisema moyoni, tazama hawa, baba amekufa na wao wameacha kila kitu. Hata vumbi hawafuti. Nikadhani hamkuupenda muziki ule, mliupiga kwa kumwogopa yeye tu. Sasa mimi nianze kuwalazimisha watu wazima?"

"Tulikuwa tunakungoja wewe."

"Sasa mbona hamkuuliza?" Sauti yake ilipanda. "Mngenipigia tu! Ningewaambia pigeni hata siku hiyo hiyo. Kwani ningekataa nini?"

Priska alimtazama. Alitaka kumwona ana hila usoni, hata kidogo, ili apate mtu wa kumchukia. Hakukuwa na hila. Alikuwa anasema kweli, na ukweli wake haukuwa na mahali pa kushikwa. Miaka yote ile ambayo alikuwa ameiita utii ilikuwa imekaa chini ya neno ambalo kaka yake aliliacha pale pale aliposimama, akapanda basi.

"Wewe ungemuuliza baba?" Priska alisema.

Tumainieli akavaa miwani yake. Akamgusa bega. "Basi, tuyaache. Yameshapita. Cha muhimu albamu inatoka."

Akarudi ndani. Priska alibaki akilitazama pipa. *Yameshapita.* Naam, yamepita, na yamepitia kooni kwake.

Hakukaa peke yake muda mrefu. Jenifer alitoka akiwa amekumbatia mikono kifuani, akasimama mbele yake, kisha akapiga goti kidogo kama alivyofundishwa.

"Shangazi, baba mkubwa amesema niite mimi."

"Nimesikia."

"Lakini wimbo ni wako. Wewe ukisema nisiite, siiti. Nitangoja hata mpaka albamu nyingine. Mpaka useme wewe mwenyewe."

Msichana aliyasema hayo kwa moyo safi, akiwa ameinamisha macho. Kope zake zilikuwa na unyevu wa jasho. Priska alimtazama shingo, ile shingo ndefu ya upande wao, na hapo kitu kitamu kikamjia ulimini ambacho hakuwahi kukionja maishani mwake. Alihitaji neno moja tu. Binti huyu angelipokea, angelibeba hadi nyumbani, angelitunza. Angehamia benchi la nyuma. Wangekuja watu kutoka Moshi na Arusha, naye angewapikia makande na kuwaambia anamngoja shangazi yake. Na hakuna mtu mlimani kote ambaye angemlaumu Priska. Wangemsifu Jenifer kwa malezi.

Aliliacha lile neno likae mdomoni. Alijua kwamba analiacha likae, na kwamba msichana amepiga goti juani, na hakufanya haraka. Alikuwa na haki, aliona. Nani mwenye haki kuliko yeye? Kutoka ndani Fanueli alisikika akipiga nyuzi moja moja, akingoja. Tumainieli naye alikuwa anangoja. Abdulmalik pia, na mashine zake. Wote walikuwa wanamngoja Priska, na alilipenda jambo hilo kupita kiasi, mpaka likamtisha.

"Nenda ukaimbe," alisema hatimaye. Ilitoka kavu, bila baraka, na aliona jinsi msichana alivyotafuta baraka usoni mwake na kuikosa.

"Asante, shangazi."

"Nenda."

Mlango wa magodoro ukafungwa. Magodoro yalikuwa mazuri; sauti ya mtu haikupenya kabisa, ila besi ya Tumainieli ilipita chini ya ukuta na kuingia kwenye mbao za benchi, na Priska akaisikia kwa mapaja. Alijua walipo. Ubeti wa kwanza, sauti yake mwenyewe iliyokwisha kurekodiwa. Kiitikio. Ubeti wa pili. Alitaka kuinuka aende dukani akaangalie vitenge, asiwe pale, lakini miguu haikuinuka.

Bi Zaituni alitokea mlango wa nyuma na kikombe cha kahawa mkononi.

"Dada, mbona umekaa huku peke yako? Wenzio wako ndani wanaimba."

Besi ikanyamaza, kama ilivyopaswa kabla ya mwito. Mbao zikatulia chini ya Priska. Kabla hajaamua lolote mgongo wake ulinyooka wenyewe, mabega yakashuka, na kifua chake kikavuta hewa ile ya moto ya Same mpaka kikajaa chote, kama kilivyojaa kwenye harusi zote zile. Akaishika hapo.

"Dada?" Bi Zaituni alisogea. "Unaumwa?"

Priska hakuweza kumjibu. Aliinua mkono, akamwomba angoje.